Kulitengeneza Jahazi la Mzee Bundala

Kila asubuhi mzee Bundala alikaa kwenye benchi mbele ya nyumba ya mwanawe Constantine, mjini Bariadi. Mkwewe, Veronica, alimletea uji na michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, iliyochemshwa. Mzee alikula polepole huku akisikiliza barabara. Msimu ule magari ya pamba yalikuwa mengi. Zamani pamba yote ilinunuliwa na ushirika, lakini sasa kampuni za watu binafsi zilikuwa zimeruhusiwa, na kila moja ilikuja na mizani yake. Mzee hakuyaona magari hayo. Ugonjwa wa presha ya macho ulikuwa umemaliza uwezo wake wa kuona, na daktari alikwisha mwambia kwamba nuru inayopotea kwa ugonjwa huo hairudi tena. Magari aliyatambua kwa mlio.

Ndiyo maana Constantine alimhamisha kutoka Lamadi, kando ya ziwa, alikokuwa akiishi peke yake tangu mkewe afariki. Mzee alikubali kuja kwa sharti moja tu. Jahazi lake lije naye.

Lilikuwa jahazi dogo la mfano, refu kama mkono wa mtu mzima, lenye milingoti miwili na matanga ya kitambaa cha marekani. Bundala aliliunda mwenyewe katika ujana wake, kwa mabaki ya mbao za mvule. Siku hizo alikuwa baharia katika jahazi kubwa lililobeba marobota ya pamba kwenda Mwanza. Lile kubwa lilizeeka, likapasuliwa kuni. Hili dogo likabaki. Tangu macho yake yalipoanza kufifia, alizoea kulipakata na kupitisha vidole juu ya mbao zake, ubao mmoja baada ya mwingine. Vidole vikipita, kumbukumbu nazo huja, naye husimulia.

Walihama kwa lori la mizigo. Njiani gunia la mahindi liliporomoka, likaangukia boksi la jahazi. Constantine alipolifungua boksi Bariadi, alikuta mlingoti wa mbele umevunjika, mbao za ubavu mmoja zimeachia, na ubao mmoja umesagika kabisa. Matanga yalikuwa yamechanika.

Baba yake alipouliza jahazi liko wapi, alimjibu kwamba mizigo mingine bado haijafunguliwa. Hakupenda kusema uongo. Alitaka tu kulitengeneza kwanza, mzee asijue kwamba liliumia.

Constantine alikuwa fundi wa mitambo katika kinu cha kuchambulia pamba, hadi kinu kilipofungwa. Sasa alipima pamba kwenye kituo cha kampuni moja, na msimu ukiisha hakuwa na kazi. Alijiambia kwamba mtu aliyezoea kufungua mashine nzima hawezi kushindwa na kijibao. Akaenda sokoni. Maduka ya siku hizo yalijaa vitu vya kila aina, tofauti na miaka ya nyuma. Alinunua gundi inayokauka papo hapo, misumari midogo na kopo la rangi ya mafuta ya bluu.

Hakufuta vumbi. Alipaka gundi juu ya uchafu, na ubao wa kwanza ukashika upande upande kabla hajaunyoosha. Akaupigilia misumari, ukapasuka. Mlingoti akaushikiza kwa gundi hiyo hiyo. Ubao uliosagika akautupa, na mahali pake akaziba kwa kipande cha kadibodi. Matanga ya zamani nayo akayatupa, akakata mapya kwenye mfuko wa salfeti. Kisha akapaka rangi nzito juu ya vyote, mara mbili. Kwa mtu anayeona, na akisimama mbali, jahazi lilipendeza.

Alilipeleka kwa baba yake akiwa na furaha. Mzee alilipokea kwa mikono miwili, akaliweka mapajani. Vidole vyake vikaanza safari yake ya kawaida, vikasimama. Vikarudi nyuma, vikajaribu tena. Rangi ilikuwa imefunika maungio yote ya mbao, ubavu mzima ukawa laini kama sahani.

"Hili si langu," mzee alisema.

"Ni lako, baba. Nimelipaka rangi tu."

"Umeninunulia jingine dukani. Sema tu, Constantine. Langu limepotea?"

Constantine alieleza, akaapa. Mzee hakubishana naye. Alimrudishia jahazi, akaomba apelekwe ndani. Tangu hapo akawa mtu wa maneno machache. Hakusimulia tena. Siku chache baadaye alimwambia Veronica, kwa sauti ya upole, kwamba msimu wa pamba ukiisha angependa kurudishwa Lamadi. Huko, alisema, anajua kila kitu kilipo.

Maneno hayo yalimchoma Constantine. Baba yake hakukasirika. Alikuwa ameacha kumwamini, na mtu asiyeona akiacha kumwamini anayemwongoza, atakaaje naye?

Veronica ndiye aliyemkumbusha kuhusu Mama Twaibu. Mama huyu aliishi nyumba ya tatu kutoka kwao na alikuwa na kibanda nyuma ya soko, ambako alitengeneza viti, kabati na masanduku ya zamani. Kazi hiyo aliifanya miaka mingi na marehemu mumewe huko Tabora. Constantine alimpelekea jahazi likiwa limefunikwa kwa kanga.

Mama Twaibu aliligeuza, akalitazama kwa muda mrefu bila kuligusa kwa kifaa chochote.

"Kwanza usiwe na haraka," alisema. "Kitu cha zamani kikivunjika, kazi ya kwanza ni kukitazama. Ya pili ni kuokota kila kipande, hata kile unachokiona takataka. Vipande vyako viko wapi?"

Constantine alikiri kwamba alivitupa. Veronica, aliyekuwa amemfuata na kusimama mlangoni, alisema kwamba matanga yapo. Aliyaokota kwenye takataka akayafunga kwenye kitambaa, kwa kuwa aliona mishono yake ni ya mkono wa mtu. Ubao uliosagika ndio uliokuwa umekwisha potea.

"Haya, tuna pa kuanzia," Mama Twaibu alisema. "Na aliyeliunda yuko hai?"

"Yuko nyumbani."

"Basi mbona umekuja kwangu kabla hujamwuliza yeye?"

Constantine akaikunja ile kanga. Mama Twaibu hakumsukuma. Aliendelea kumweleza kazi. Rangi itolewe kwa thina, yale maji makali ya kuyeyushia rangi ya mafuta. Achovye pamba kidogo, ajaribu kwanza sehemu iliyofichika chini, aone kama mbao zinadhurika. Afanyie kazi nje penye hewa, mbali na jiko na sigara, kwa sababu thina hushika moto upesi. Misumari aing'oe taratibu, akiwa ameweka kibao chini ya koleo ili koleo lisibonyeze mbao. Gundi ya papo hapo aache. Atumie gundi ya mbao ya seremala, kidogo tu, na kabla ya kupaka apange ubao ukiwa mkavu aone kama unakaa. Ukikaa, apake, aufunge kwa uzi, auache hadi kesho.

"Na ule uliopotea?" Constantine aliuliza.

"Utachonga mwingine. Lakini usiupake rangi ili ufanane na wa zamani. Matengenezo ya kweli hayajifichi."

Asubuhi iliyofuata Constantine alikaa kwenye benchi kando ya baba yake. Alimwamkia, "Mwangaluka, baba," na mzee akaitikia. Kisha akamweleza yote, tangu gunia la mahindi hadi rangi ya bluu. Alisema aliogopa kumwumiza, ndiyo maana akamficha. Mzee aliuliza swali moja tu, kama mkuku nao ulivunjika. Mkuku ni ule mti mrefu wa chini unaobeba chombo kizima.

"Mkuku ni mzima," Constantine alijibu.

"Kama mkuku ni mzima, chombo ni kizima. Kilete, nione umekifanya nini."

Kazi ilianza hapo, na ilikwenda polepole. Constantine alifuta rangi nyuma ya nyumba, kipande kwa kipande, na pamba ya Bariadi ikageuka bluu. Mistari ya mbao ilipoanza kujitokeza, alimpa baba yake alishike. Mzee alipitisha kidole kwenye ungio moja, kisha la pili. Hakulirudisha upesi.

Kuna siku Constantine alishindwa. Ubao ulikataa kukaa, akataka kuukata. Mzee akauomba, akaupapasa, akamwambia ameugeuza, upande mnene ndio wa mbele. Akaugeuza, ukaingia. Tangu siku hiyo hakufunga uzi kabla baba yake hajagusa.

Mlingoti uliovunjika waliuunga kwa gundi na kuuzungushia uzi wa pamba, kama mabaharia walivyofunga milingoti yao ziwani. Hilo Mama Twaibu hakulijua. Lilitoka kwa mzee. Veronica aliyafua matanga kwa maji ya vuguvugu na sabuni kidogo, bila kuyasugua wala kutia dawa ya kung'arisha, akashikiza kiraka cha marekani nyuma ya kila mpasuko. Ubao mpya Constantine aliuchonga kwa kipande cha mvule alichopewa na Mama Twaibu. Alichonga mbao tatu kabla ya kupata mmoja unaofaa.

Pamba ilikwisha, vituo vya kununulia vikafungwa. Hakuna aliyetaja Lamadi. Constantine alikuwa ameanza kushinda kwenye kibanda cha Mama Twaibu akijifunza kutengeneza viti, na watu wawili watatu walikwisha mletea meza zao. Jioni mzee alimwuliza ametengeneza nini, naye akamweleza.

Siku jahazi lilipokamilika, Mama Twaibu alialikwa. Mzee Bundala alilipokea mapajani. Vidole vyake vilianzia mbele kama kawaida, vikafuata mbao za ubavuni. Alitaja jina la bandari moja, kisha la nahodha wake, na dhoruba moja waliyoikimbia. Halafu vidole vikafika kwenye ubao mpya. Vikasimama.

"Huu si wangu," alisema.

"Ni wangu, baba," Constantine alijibu. "Nauona haufanani na zako. Nikiulainisha kidogo zaidi utakaa sawa."

Mzee aliupapasa tena, kingo zake mbili, polepole.

"Uache hivyo hivyo," alisema. "Nikipita hapa, nijue nimefika kwako."