Mvumo Katika Waya wa Mwalimu

Kila jioni mwalimu wa kwaya huwasha mashine ya sidii, asikilize nyimbo atakazofundisha. Mkewe, fundi cherehani, hushona katika chumba hichohicho. Nyumba ni ndogo, kila mtu na kona yake.

Sasa, kwa miezi miwili mwalimu alikuwa akisikia mvumo ndani ya nyimbo. Akiongeza sauti, mvumo nao unaongezeka. Alitia dawa masikioni, wapi! Mkewe alisema hasikii kitu. Angesikia vipi, na cherehani inanguruma mbele yake?

Mwishowe mwalimu akapiga moyo konde, akamwambia mkewe ataacha kufundisha. Mtu mwenye masikio mabovu ataongozaje kwaya?

Mkewe hakubishana. Alimwita jirani yao, mama mmoja fundi wa vipaza sauti. Jirani aliinama nyuma ya meza, akacheka. Waya wa kupeleka sauti kutoka mashine ya sidii hadi kwenye amplifaya, ile ya kuikuza, ulikuwa umefungwa pamoja na waya wa umeme wa cherehani, kwa vitambaa vyekundu, vizuri kabisa.

"Nani kafunga hivi, dada?"

"Mimi. Nilitaka nyumba ipendeze."

Jirani akafungua vitambaa, akatenganisha nyaya. Wimbo na cherehani vilipowashwa, mvumo ulikuwa umepungua sana.

"Masikio yako mazima, Mwalimu," alisema. "Huu ni waya wa analogia. Umeme wake unapanda na kushuka kuifuata sauti yenyewe. Umeme wa cherehani ukijipenyeza humo, amplifaya haiwezi kubagua. Inakuza vyote."

Kisha akachomeka waya wa dijitali, kwa kuwa mashine ya sidii na amplifaya zote zilikuwa na tundu lake. Mwalimu akauliza kama huo haudaki mvumo.

"Unadaka. Lakini humu sauti inapita ikiwa namba, kwa alama mbili tu, sifuri na moja. Ni kama noti ulizoandika kwenye karatasi. Karatasi ikichafuka kidogo, noti bado zinasomeka, na wimbo unaimbwa safi. Ikichanika, wimbo unakatika. Kwa hiyo huu nao tusiufunge na wa umeme."

Mkewe akawasha cherehani tena. Nyimbo zikatoka safi. Mwalimu alifuta machozi, wala hakujali jirani kumwona.

Kesho yake mazoezini, alisimamisha kwaya katikati ya wimbo.

"Wewe wa besi, wa mwisho kule nyuma. Umeshuka kidogo. Asante sana."

Yule bwana akaomba radhi, asielewe kwa nini mwalimu anamshukuru.