Mraba wa Pili

Mteja alikuwa mmoja, kamera ikaona wawili.

Ilikuwa asubuhi, studio ya Aikande pale Sokon One, na mteja mwenyewe ni bwana mmoja mwenye haraka aliyetaka picha za pasipoti. Kwenye kioo cha kamera mraba mdogo wa njano ulikaa usoni pake, kama kawaida ya hizi kamera ndogo zinazojitafutia nyuso zenyewe. Kisha mraba wa pili ukatokea kando ya bega lake, kwenye shuka jeupe la nyuma yake. Hapakuwa na mtu pale. Chini ya mraba huo kuliandikwa jina: MAULIDA.

Aikande alifuta lenzi kwa upindo wa kanga. Mraba haukuondoka. Akazungusha kigurudumu cha juu, kutoka alama ya kichwa cha mtu hadi alama ya mlima, ile ambayo binti yake Aika, mwenye miaka sita, anaapa kuwa ni Meru. Kamera ikiwa kwenye mlima haitafuti nyuso. Mraba ukapotea, bwana akapigwa picha zake akaenda, ikabaki harufu ya udi ambayo Aikande hakuipenda hata kidogo.

Mtu wa kwanza ambaye Aikande alimshuku alikuwa jirani. Bi Mwamvua, mzaliwa wa Pangani anayesomea watu dua nyumba ya pili, hufukiza udi kila Alhamisi. Lakini siku ile ilikuwa Jumanne. Wa pili alikuwa Said, aliyemuuzia kamera hiyo ya mtumba baada ya ile kubwa kuharibika. Akampigia simu.

"Said, Maulida ni nani?"

"Maulida gani tena, dada?"

"Aliyemo kwenye kamera uliyoniuzia."

Said akashusha sauti. "Hayo ni mambo ya mwenye nayo wa kwanza, mama mmoja wa Njiro. Alikuwa anahama. Hizo kamera zinakariri sura za watu wa nyumbani na majina yao. Aliniambia nisiguse kitu humo ndani. Mimi sikugusa."

"Mbona hukuniambia? Na mbona unanong'ona?"

Simu ikakatwa. Mtu mzima akikukatia simu namna ile ujue kuna jambo, na Aikande alijua. Ila kujua ni kitu kimoja, na uvivu ni kitu kingine. Kulifuta jina kulitaka kupita menyu tatu. Kulibadilisha kulikuwa pale pale, kwenye menyu ya kwanza. Akatumia vile vitufe vya mishale, akaondoa herufi moja moja, akaandika AIKA. Kisha akamkalisha binti yake kwenye stuli, akampiga picha ya uso, akauongeza kwenye nafasi ile ile ya jina hilo.

"Kamera inanijua, mama!" Aika akacheka hadi pengo la meno mawili ya mbele likaonekana.

Kwa siku tatu Aikande alijiona mjanja.

Siku ya nne, akiwa jikoni anageuza ndizi, aliita, "Aika!"

"Abee, mama." Sauti ilitoka studio, chumba cha mbele.

"Njoo uchukue sahani."

"Abee, mama." Studio tena. Aikande akainua macho dirishani, na pale uani, hatua nne kutoka alipo, Aika alikuwa amechuchumaa anafua nguo za mwanasesere wake.

Aikande akashika ukingo wa dirisha. "Wewe, nimekuita. Mbona huitikii?"

"Si ameshaitika?" mtoto akasema bila kugeuka.

"Nani?"

"Mwenzangu. Tunapokezana."

Tangu hapo Aikande hakuwa na raha. Baba Aika alikuwa porini na watalii, simu haishiki, na mwalimu akaandika kwenye daftari kuuliza kama mtoto anaumwa masikio, maana akiitwa jina hanyooshi mkono. Kila asubuhi Aikande aliielekeza kamera pasipo na mtu, na kila asubuhi mraba ulikuwa umehama, kutoka kwenye shuka hadi juu ya stuli, kutoka kwenye stuli hadi mlango wa chumbani, hadi kitandani kwa Aika, upande wa ukutani, na chini yake, kwa herufi alizoziandika yeye mwenyewe kwa mkono wake, jina la mwanawe.

Akaenda nyumba ya pili, uso chini.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Nilikuwa nakungoja. Ulidhani ni mimi, eti?"

Aikande aliona aibu, akaeleza yote. Bi Mwamvua alisikiliza, mkono kifuani.

"Yule alikuwa na jina lake, mpita njia tu," akasema kwa sauti ya chini. "Wewe ukampa la mtoto wako. Sasa kila ukiita unawaita wawili, na yeye ana masikio mepesi kuliko mwanao. Mrudishie lake. Halafu nitamtoa."

Walifanya saa nne asubuhi, Aika yuko shule. Bi Mwamvua alitia ubani kwenye chetezo, akaweka kamera juu ya stuli, akaanza kusoma, na mara shuka jeupe likavimba ingawa dirisha lilikuwa limefungwa, flashi ikawaka yenyewe, lenzi ikatoka na kurudi, na kile kigurudumu cha juu kikaanza kuzunguka bila mkono wa mtu, tik, tik, kikapita alama ya ua, kikapita mlima, kikapita mtu anayekimbia, kikapita nyota na mwezi, hadi kikasimama kwenye kichwa cha mtu.

"Andika!" Bi Mwamvua akanong'ona.

Aikande akaandika, M, A, U, L, I, D, A, akabonyeza sawa. Shuka likatulia. Harufu ya udi ikakatika kabisa. Akaielekeza kamera kwenye stuli, mlangoni, kitandani: hakuna mraba popote. Alilia kwa furaha, akamkumbatia yule bibi aliyemshuku bure.

"Jioni tukaifukie mbali," Bi Mwamvua akasema, akaenda zake kupumzika.

Mchana Aika akarudi, na sweta lake la shule, akasimama kizingitini, mlango wa uani. Aikande, moyo mweupe, akainua kamera ampige picha ya mwisho.

Mraba ukakaa usoni kwa mtoto. Chini yake: MAULIDA.

Ndipo akakumbuka. Nafasi ilikuwa moja, na uso wa Aika alikuwa ameutia humo yeye mwenyewe. Alipoandika jina lile saa nne, aliwapa wote wawili, na dua ya kumtoa Maulida ikamtoa mwanawe.

Mtoto akatabasamu. Meno yake yote yalikuwepo, hakuna pengo.

"Aika?" Aikande akaita.

Mtoto wa kizingitini hakuitika. Aliendelea kutabasamu, akimtazama Aikande kama mama mgeni kwake. Kule studio, nyuma ya shuka jeupe, sauti ya mtoto aliyelia hadi akachoka ikajibu:

"Abee, mama. Nipo huku."