Jicho la Pili

Fundi wa silaha aliuliza, "Tupu?" na nyuma yake akajibiwa, "Tupu." Alikuwa ameshashika bisibisi alipokumbuka kwamba bintiye alikuwa ametoka kununua pamba, na karakanani hamkuwa na mtu mwingine.

Swali hilo lilikuwa sheria ya nyumba ile tangu macho yake yalipoanza kumsaliti. Fundi alikuwa mbishi, habari za kustaafu hakutaka hata kuzisikia. Basi kabla ya kufungua silaha yoyote, mkewe alisimama nyuma ya kiti chake, akachungulia chemba, akamwambia kama mna risasi au hamna. Mke alipofariki, miezi saba iliyopita, bintiye akashika nafasi ile. "Mimi spea tu," alikuwa akitania.

Bastola iliyokuwa mezani ilikuwa ya kizamani, ndogo, ya kuenea kiganjani. Ililetwa na mjane wa mtaa wa pili. Alisema marehemu mumewe hakuchoka kuisafisha, naye alitaka isafishwe mara ya mwisho kabla hajaisalimisha polisi. Ilikuwa ya aina isiyofunguka mpaka kwanza uvute kifyatulio, kwa hiyo lile swali halikuwa la mchezo.

Fundi hakugeuka. Sauti ile aliijua. Ilikuwa na mkwaruzo mdogo mwishoni, na ilikuja pamoja na harufu ya mafuta ya nazi ambayo mkewe alijipaka nywele, ikaifunika hata harufu ya grisi. Akavuta kifyatulio. Kikalia kikavu tu, bila mlipuko. Akapanga vipande juu ya kitambaa cheupe, mtutu, springi, pini, huku machozi ya furaha yakimchuruzika.

Siku nne akaisafisha bastola iliyotakata tangu siku ya kwanza. Akimaliza kuiunga, anaifungua upya, apate kuuliza tena.

"Baba, hiyo kazi haiishi tu?" binti aliuliza siku ya nne.

"Bado ina kutu."

"Kutu iko wapi? Hapo mtu anaweza kujitazama akanyoa ndevu." Akasogea, akashusha sauti. "Nakusikia ukiongea. Unaongea na nani?"

"Na mama yako."

"Mbona mimi hanijibu? Namwita kila siku kule jikoni, baba. Kila siku. Hata kukohoa hakohoi."

Fundi aliona aibu, kama mtu aliyekutwa anakula peke yake.

"Irudishe," binti akasema. "Mama yangu asingekuja kwako tu akaniacha mimi."

Siku ya tano, asubuhi, binti alikuwa akikata vitunguu jikoni, nyuma ya pazia. Fundi aliishika bastola mtutu ukielekea pazia hilo, maana upande ule ndio uliokuwa na mwanga.

"Tupu?"

"Tupu."

Kidole kilikuwa kimeshaanza kukaza alipokumbuka kwamba mkewe, katika miaka yote ile, hakuwahi kujibu haraka namna hii, kwamba kwanza alifuta miwani kwa upindo wa gauni, akalalamika kwamba kichwa cha mumewe kinamzibia mwanga, akamsukuma begani ndipo akachungulia, na sauti hii kwa siku tano haijamwambia asogee hata mara moja. Akaingiza kidole kidogo ndani ya chemba. Kikagusa risasi, tena ya moto, ilhali bastola ile ililetwa bila risasi hata moja.

"Tupu, mume wangu," sauti ikarudia kwa upole, sikioni kabisa. "Vuta."

Aliitoa risasi, akaifunga bastola kwenye kitambaa.

"Nairudisha," alimwambia bintiye kupitia pazia.

"Afadhali," binti alijibu. Hakuacha kukata.

Mjane alipofunguliwa kile kitambaa hakuuliza habari za kazi.

"Ulimsikia nani?"

"Mke wangu."

"Wangu alimsikia mama yake. Siku aliyokufa nilikuwa mlangoni. Nilimsikia akiuliza, nikasikia akijibiwa." Akainusa bastola, akainusa tena, na uso wake ukakunjuka kama wa mtu aliyetuliwa mzigo. Fundi aliogopa kule kukunjuka kuliko maneno yenyewe. "Imetoka. Ilikuwa inanuka maua aliyopenda yule mama, sasa inanuka chuma tu. Fundi, nyumbani umemwacha nani?"

Alirudi mbio kwa miguu yake ya kizee, akiwapita watu bila kuwasalimu, akijikwaa mahali asipopaona, akijiambia kwamba bastola haipo tena pale na risasi haipo, kwa hiyo hakuna kitu cha kumdhuru mtoto, akalirudia hilo mpaka akafika mlangoni, na hapo mlangoni, kabla hajashika komeo, ikamjia harufu ya gesi, nzito, ya kuziba koo, na chini ya harufu ile akanusa mafuta ya nazi.

Nyuma ya pazia bintiye alikuwa akicheka taratibu, kicheko ambacho nyumba ile haikuwa imekisikia tangu msiba.

"Mama, gesi nimeifunga?"

"Umeifunga, mwanangu."

Fundi akafungua mdomo aite, na kiberiti kikakwaruzwa.