Ujumbe Uliotua Kwenye Kundi la Harusi

"Eti mwanangu hana huruma?" Mama mkwe mtarajiwa alimsogezea simu usoni. "Hebu soma. Kwa sauti."

Bi harusi mtarajiwa, mtafiti wa ubongo, akasoma:

"Dada, nimempima. Upande wa kulia wa ubongo wake haushtuki hata akisikia mtu analia. Hana tofauti na wale wafungwa ninaowatafiti, wasiojua majuto. Naogopa kuolewa naye."

Aliukusudia kwa dada yake. Kidole kikaupeleka kwenye kundi la harusi, lenye wajomba, mashangazi, hata fundi wa suti.

Mchumba wake, dereva wa ambulensi, alikuwa ameinamia magoti yake. Mwenyewe ndiye aliyejitolea kupimwa, ili mpenzi wake apate watu wa kuwalinganisha na wafungwa. Akavalishwa hedifoni, akasikilizishwa vilio na vicheko huku mashine ikimsoma.

"Siku ya kipimo nilikuwa nimetoka zamu," alisema. "Nilikwambia nasinzia."

"Uliniambia."

"Bosi wako anasemaje?"

Aibu ikampanda hadi masikioni. "Anasema kipimo kile ni cha kulinganisha makundi ya watu, hakiwezi kusema fulani ni saikopathi, mtu asiyejua huruma wala majuto. Na matokeo yako sikutakiwa kumwambia mtu yeyote."

"Uliyajua hayo kabla ya kutuma?"

Angeweza kudanganya.

"Niliyajua. Tulipomzika baba yangu hukutoa chozi, nikaliweka moyoni. Badala ya kukuuliza, nikakupima."

"Siku ile nilimbeba mama yako alipozimia. Nikawabeba na wadogo zako. Ningelia saa ngapi?"

Mama mkwe akainuka, akaingia jikoni, akafungulia maji yasiyosafisha chochote.

Mtafiti akachukua simu yake, akaandika palepale kwenye kundi: "Nimemsingizia mchumba wangu mbele yenu, na nilijua sina ushahidi. Naomba radhi kwake na kwenu nyote."

Shangazi mmoja akawa wa kwanza kujibu: "Tumeona."

Neno moja tu. Mtafiti alitamani sakafu immeze.

Kisha simu ikalia tena. Ujumbe ulitoka kwa mwanaume aliyekaa mbele yake, nao haukupitia kundini:

"Harusi ipo. Ila leo nina hasira na wewe, usinisemeshe. Nirudishe kwangu. Endesha wewe, mikono yangu haishiki usukani."

Akainua macho, akaitazama mikono ya mchumba wake. Ilikuwa inatetemeka.