Soksi Nyekundu na Sulisuli wa Daktari

Kila Jumamosi alfajiri nyumba ya nahodha ilikuwa na pilikapilika kama nyumba ya watu wanaohama. Nahodha huyo alikuwa mwanamke, mama wa msichana wa miaka kumi na miwili ambaye mtaa mzima ulimwita Chapuchapu. Mama alikuwa na boti ya kukodisha kwa watu wanaopenda kuvua samaki wakubwa kwa mchezo. Samaki huvutwa na mgeni mpaka ubavuni mwa boti, akapimwa, akapigwa picha, kisha akaachiwa aende zake. Chapuchapu aliwahi kuuliza kwa nini mtu ajitese hivyo halafu arudi nyumbani bila kitoweo. Mama akamjibu kwamba hata wachezaji wa mpira hawang'oi goli wakaenda nalo kwao.

Kazi ya Chapuchapu ilikuwa orodha. Ilining'inia ukutani katika stoo, nyuma ya jiko, pamoja na kalamu iliyofungwa kwa uzi. Ilikuwa na vitu kumi na viwili: majaketi ya kujiokolea, maji, sanduku la dawa, fimbo za kuvulia, chambo, chakula cha wageni, na kadhalika. Alitakiwa kufunua kila kifuniko, atazame kwa macho yake, ndipo aweke alama ya vema. Mjomba wake, mdogo wake mama, ndiye aliyekuwa baharia. Yeye alibeba kile alichoonyeshwa.

Sasa, Ijumaa jioni Chapuchapu alikuwa ameloweka sare zake za shule. Beseni lilikuwa limepasuka, kwa hiyo akazitumbukiza kwenye sanduku tupu la plastiki, la buluu lenye kifuniko cheupe, akalifunika na kuliacha stoo. Kando yake palikuwa na sanduku lingine, la buluu, lenye kifuniko cheupe. Humo mlikuwa na vibua waliotiwa chumvi, chambo cha kesho.

Asubuhi alikuwa na haraka ya kwenda kuruka kamba na wenzake. Akaketi juu ya gunia, kikombe cha chai mkono mmoja, kalamu mkono wa pili, akaweka vema kumi na mbili kwa pumzi moja. Mjomba alipouliza chambo ni sanduku lipi, akanyoosha kidole bila kugeuza shingo. "Lile la pembeni."

Mgeni wa siku hiyo alikuwa daktari wa meno, mtu mpole mwenye kofia pana. Huu ulikuwa mwaka wake wa tatu kumtafuta sulisuli, samaki mwenye mdomo kama mkuki na pezi la mgongoni kama tanga. Miaka miwili alirudi mikono mitupu, na wagonjwa wake walianza kumuulizia habari za samaki huku wameachama.

Saa tatu Chapuchapu alikwenda stoo kusuuza sare. Akafunua sanduku. Vibua arobaini wakamtumbulia macho, kana kwamba wanamuuliza na yeye amefuata nini pale.

Kabla hajapata la kufanya, redio ya mawasiliano iliyokuwa rafuni ikakwaruza. Ilikuwa sauti ya mama, imetulia kupita kiasi, ile sauti ambayo watoto huiogopa kuliko kelele. Alisema wako mbali, mwendo wa saa tatu kutoka gatini, na ndani ya sanduku la chambo mna sketi moja, blauzi mbili na soksi nyekundu za shule.

"Wewe uliangalia ndani kabla ya kuweka vema?" mama aliuliza.

Chapuchapu alirudisha kifuniko juu ya vibua. "Niliangalia, mama. Labda mjomba alibeba lingine."

Redio ikakwaruza tena. Kisha akamsikia mama akimgeukia mjomba hukohuko botini. Wiki iliyotangulia mjomba alikuwa amesahau nanga, wakashinda wakizunguka kama nzi juu ya sahani. Mama alikuwa amemwambia akifanya kosa moja tu tena, kazi hana. "Mdogo wangu, basi," mama alisema. "Kuanzia Jumatatu nitatafuta baharia mwingine." Mjomba alijitetea kwamba alibeba alichoonyeshwa, lakini nani angemsikiliza mtu aliyesahau nanga?

Siku hiyo kamba haikurukika. Wenzake walimwita mara mbili, akawaambia waendelee bila yeye.

Saa kumi Chapuchapu alikuwa gatini boti ilipoingia huku bendera ndogo ya sulisuli ikipepea mlingotini, ishara kwamba amepatikana na kuachiwa. Daktari wa meno alishuka akicheka peke yake. Akawasimulia wote waliokuwa gatini jinsi mjomba, kwa kukosa chambo, alivyoikata soksi nyekundu vipande vyembamba na kuifunga juu ya ndoana, ikawa kama ngisi anayekwenda shule. Sulisuli akaifuata, akaipigapiga kwa mdomo, akaimeza. Walivutana dakika hamsini. Daktari alimpongeza nahodha kwa ufundi huo, akauliza kama soksi ya buluu nayo inafaa.

Watu walicheka. Mjomba hakucheka. Alikuwa anakunja kamba taratibu, mzingo kwa mzingo, kama mtu anayeaga.

Chapuchapu aliona jinsi ambavyo ingekuwa rahisi kunyamaza. Samaki amepatikana, mgeni amefurahi, soksi zitanunuliwa nyingine. Lakini mjomba alikuwa ameshavua kofia yake ya kazi na kuiweka juu ya kiti cha boti. Chapuchapu akamsogelea mama.

"Mama, sikufunua kifuniko. Kifuniko hata kimoja. Mjomba nilimwonyesha mimi sanduku lile, halafu nikakudanganya."

Mama akaiendea ile kofia. Akaipangusa chumvi, akamvisha mdogo wake kwa mikono yake mwenyewe mbele ya watu, akamwomba radhi. Mjomba akasema hana neno, ila siku nyingine dada amuulize kabla ya kumfukuza, maana ni vigumu kuvua huku umefukuzwa.

Ndipo mama akaketi juu ya sanduku na kumvuta binti yake karibu.

"Leo samaki katusaidia, lakini usije ukafikiri soksi imefuta kosa," alisema. "Vema unayoweka ni neno lako. Ukiiweka bila kutazama, umeshasema uongo kabla hujafungua mdomo. Na uongo wa pili ulikuwa mzito zaidi, kwa sababu ulimtwisha mwenzako. Leo kilikosekana chambo. Yangekosekana majaketi je, na bahari ikachafuka? Mimi huondoka hapa nikiwa nimeamini mkono wako."

Jumamosi iliyofuata Chapuchapu alifunua kila kifuniko. Alihesabu majaketi, akayavuta mikanda mmoja baada ya mwingine, akanusa chambo mpaka akapiga chafya. Boti ilichelewa kuondoka nusu saa nzima. Mama alisimama mlangoni pa stoo, akatazama saa yake, akamwacha amalize.