Duara Lililopita Ukutani

Enyi mliokusanyika, wakubwa kwa heshima zenu na wadogo kwa usikivu wenu, naomba masikio yenu kwa kitambo kifupi. Nitakayoyasema hayakunipata mimi. Yaliwapata majirani zangu wa ghorofa ya tatu, hapa Leeds, na milango yao miwili naipita kila asubuhi niendapo kazini.

Siku yenyewe ilianza kwa upole. Ilikuwa tarehe thelathini na moja Oktoba. Rowena Thackray, mkutubi, alikuwa akipanda ngazi na mfuko wa matufaha na mishumaa, akakutana na jirani yake, Colin Birtwhistle, akishusha takataka.

"Jirani, ufagio wako umeuegesha wapi leo?" Colin alimtania, maana wachawi wa hadithi za huku huruka kwa ufagio.

"Uko gereji, breki zimekufa."

"Afadhali. Ila usituamshie tena king'ora cha moshi. Mara ile nilisimama barabarani na taulo, mtaa mzima ukanikagua."

Walicheka. Rowena alitaka kusema neno, akalimeza.

Rowena alikuwa mfuasi wa Wika, dini ya miungu ya kale, na jioni hiyo ilikuwa Samhain, siku ambayo wenzake huwakaribisha wafu wao. Mama yake, Enid, alifariki hospitalini mwezi Machi, yeye akiwa amekwama kwenye treni. Alitaka kumuaga, hilo tu. Lakini duara la ibada hiyo, linalochorwa hewani kwa kisu, lina upana wa futi tisa, na chumba chake kilikuwa na futi saba. Mwalimu wake alimfundisha: mjini, acha duara lipite ukutani, ila kwanza mwombe ruhusa anayeishi upande wa pili, kwa kuwa kila aliyemo ndani ya duara ni mwenyeji wa anayeitwa. Tena asitoke mtu kabla ya kukatiwa mlango kwa kisu. Rowena aliona haya kuomba. Angeanzaje, pale ngazini, mbele ya mfuko wa takataka?

Saa kumi na moja jioni, giza likiwa limekwisha kutanda kama ilivyo huku mwishoni mwa Oktoba, alizunguka chumba na kisu chake cha mpini mweusi. Alipofika ukutani, aliuendeleza mviringo kwa mawazo tu, ukapita kwa jirani. Akawasha mishumaa minne. Akaita.

"Mama. Enid. Karibu."

Akangoja. Kisha ndimi zote nne za moto zikalala upande mmoja. Zilielekea ukutani.

Sauti ikaja. Haikutoka chumbani. Ilitoka nyuma ya ukuta.

"Shhh," ilibembeleza. "Shhh, mwanangu."

Ilikuwa sauti ya Enid. Na mtoto akacheka.

Elsie, binti wa Colin, alikuwa na miezi kumi na minne. Rowena hakujua kwamba kitanda chake kiliegemezwa pale. Duara lilikuwa limekipitia katikati.

Alikata mlango hewani kwa kisu, akatoka, akakimbia nacho. Akagonga. Colin alifungua, kijiko cha uji mkononi.

"Peremende zimekwisha, jirani," alitania, maana jioni hiyo watoto wa huku hugonga milango kuomba peremende.

"Nani yuko na Elsie?"

"Hakuna mtu. Mama yake yuko kazini."

"Basi nani anambembeleza?"

Colin akasikiliza. Kijiko kikaanguka.

Waliingia. Hapakuwa na mtu. Elsie alikuwa ameketi wima, kama aliyepakatwa. Nyuma yake godoro lilikuwa limebonyea.

Colin akanyoosha mikono.

"Usimtoe!" Rowena alinong'ona. "Ukimtoa kabla sijaaga, atafuatwa."

"Na nani?"

"Na mama yangu."

"Mrudishe." Colin akairudisha mikono kifuani. "Nakusihi, dada. Mrudishe."

Rowena alisimama kando ya kitanda. "Enid, mama yangu, asante kwa kuja. Nenda kwa amani." Alisema mara tatu. Godoro likainuka. Polepole. Akakata mlango kwa kisu, na Colin akampitisha mtoto hapo. Rowena akaketi sakafuni akalia, akiamini amemuaga mama yake.

Asubuhi Colin alimwita. Upande wa kushoto wa kichwa cha Elsie, nywele laini za kitoto zilikuwa zimesukwa. Msuko mmoja, mwembamba, uliokazwa. Colin aliufungua. Ndani yake mlikuwa na unywele mweupe, mrefu kama mkono wa mtu mzima.

"Mama yako ameacha kumbukumbu," alisema, akijaribu kutabasamu.

Rowena hakuugusa.

"Mama alikufa kwa saratani, Colin. Dawa zilimaliza nywele zote. Tulimzika na kipara."

"Sasa jana tulimuaga nani?"

"Tulimuaga Enid," Rowena alinong'ona. "Huyu hatumjui jina, na asiyetajwa jina hakuagwa."

Siku ile ile mtoto alinyolewa kichwa kizima. Kesho yake, kwenye mto wake wa kulalia, palikutwa msuko mwingine. Mwembamba. Uliokazwa. Wa nywele nyeupe tupu.

Nami sikuongeza neno. Nimeyapokea kwa baba aliyeuokota msuko huo kwa vidole vyake mwenyewe, Colin Birtwhistle.