Mikono ya Kushoto Mia Nne

"Hizi sare ni za watu gani, Fundi, wenye mikono miwili ya kushoto?"

Msimamizi aliuliza hivyo mbele ya wote, ukumbi mzima wa kukatia ukacheka. Kitambaa hutandazwa uso kwa uso, ukikata unapata jozi, wa kushoto na wa kulia. Siku ile nilikitandaza chote uso juu, nikakata mikono mia nne ya mashati, yote ya kushoto. Miaka kumi na tisa ya mkasi, halafu kosa la mtoto wa juzi.

Adhabu yangu ikawa chumba cha pasi.

Msimamizi tulimwita Bwana Funguo kwa sababu alifunga kila mlango kwa nje tukishaingia, eti tusiibe vitambaa. Alijua vizuri ananipeleka wapi. Ndani ya chumba kile ndimo mke wangu, mpiga pasi, alimokatikiwa na pumzi, miaka miwili nyuma. Wenzake waliomba mlango ufunguliwe, Bwana Funguo akataka karatasi yenye sahihi ya meneja, na meneja alikuwa kikaoni. Karatasi ikaja mtu ameshakwenda. Mimi nilikuwa ng'ambo ya ukuta nakata kola. Niliambiwa saa ya kutoka.

Hakuna mkubwa aliyeniomba radhi mpaka leo.

Nikaingia mle kama mfungwa. Joto, mvuke, madirisha ya nondo. Wapiga pasi nao sikuwapenda, niliamini walisimama tu wakitazama. Mmoja wao, mjane waliyemwita Mvuke, alikuja kwangu mara mbili baada ya mazishi nikamfungia mlango. Akapiga simu, nikaizuia namba yake. Sasa meza yake na yangu zikawa zinagusana.

Wiki nzima sikumsemesha. Wiki ya pili akaiweka pasi kando.

"Shemeji, una hasira na mimi au na nguo? Maana hiyo kola unaiunguza."

Ndipo nikaliona kovu kiganjani mwake. Nikamuuliza. Akasema siku ile aliugonga mlango kwa pasi ya moto mpaka ikamgeukia mkononi.

"Mkeo aliniachia maneno nikupe," akasema. "Alisema, mwambie asijifungie ndani kwa ajili yangu. Miaka miwili nimeyabeba. Kila siku nilimwomba Mungu anikutanishe na wewe."

"Tulitenganishwa na ukuta wa tofali moja. Mungu gani wa kuzunguka miaka miwili? Angeutoboa tu."

"Angeutoboa, ungeuziba."

Nikainamia kola yangu.

Miezi ikapita. Alianza kwa kuniita shemeji, kisha Fundi, kisha wewe tu, na hiyo wewe yake ikanikaa moyoni. Nilimpenda, lakini mdomo ulikuwa mzito. Kila akimtaja Mungu nilimjibu kwamba Mungu naye ni mkubwa kama wakubwa wengine, wote wana funguo na hawafungui. Yeye alikuwa akiniuliza kama hapa nilipo nilifika kwa akili yangu.

Ijumaa moja hakuja kazini. Mchana simu yangu ikaingia ujumbe:

"Kaka amenipatia mchumba wa mbali. Saa kumi leo anampa jibu. Nimemwambia nasubiri mtu. Nasubiri mtu?"

Nikampigia.

"Njoo," akasema. "Hili halisemwi kwenye simu." Akakata.

Ilikuwa saa nane na nusu, na mlango umefungwa. Nilisimama mbele yake. Nikasema kimoyomoyo: Mungu, sikuelewi, lakini tangulia. Nikagonga. Bwana Funguo akachungulia kwenye kidirisha.

"Nina dharura. Nifungulie."

"Karatasi ya meneja."

Kila mpiga pasi alikumbuka lini aliyasikia maneno hayo. Mmoja mmoja wakasimamisha pasi zao, wakaja wakasimama nyuma yangu, wote kumi na mmoja. Mama mmoja mtu mzima akasema taratibu:

"Baba, leo hatungoji kikao kiishe."

Bwana Funguo alinitazama, akawatazama wao. Akaniambia nikitoka nisirudi. Nikamwambia afungue. Funguo zikagongana muda mrefu, kisha mlango ukaachia.

Nilikimbia nusu ya njia, nusu nilitembea nikimnung'unikia Mungu: sina kazi, sina cha kujieleza, nimevaa shati la jasho, ndiyo njia gani hii ya kumpeleka mtu kuposa. Nikafika saa kumi kasoro dakika chache.

Kaka mtu alikuwa mlangoni, simu mkononi. Alichungulia nyuma yangu kutafuta wazee.

"Kwenye posa mtu haji peke yake. Umekuja na nani?"

"Na Mungu," nikasema. "Tumegombana njia nzima, lakini tumefika wote."

Ndani, Mvuke akacheka huku analia. Kaka akaitia simu mfukoni, akanisogezea kiti.